Sentimita 72 za Safu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Je, mhitimu wa mawasiliano ajenge kazi yake katika wakala wa uhusiano wa umma, au asubiri nafasi ya ofisa uhusiano katika kampuni au taasisi?” Swali limenigusa pabaya. Nilifanya kazi katika wakala mmoja hapa Dar es Salaam kwa miaka saba, na sasa binti wa dada yangu, aliyemaliza chuo mwaka jana, amepata barua ya kuitwa kazini na wakala mwingine. Ananiuliza kila siku, “Mama mdogo, nikubali?” Nilipoketi kuandika barua hii nilikuwa nimekwisha kuamua kumkataza.

Kuhusu lipi ni bora kati ya hayo mawili, sina mengi ya kuongeza. Ofisa uhusiano wa taasisi ana mwajiri mmoja na mshahara wenye uhakika. Wa wakala huandika taarifa ya benki asubuhi, mchana akasimamia uzinduzi wa sabuni, jioni akanyoosha Kiswahili cha hotuba ya mkurugenzi, kisha akajaza karatasi ya saa ili kila mteja atozwe kwa muda wake. Hayo yanajulikana. Mimi ninataka kuuliza jambo jingine: katika mwaka wake wa kwanza, kijana huyo anafundishwa kuhesabu nini?

Mwaka 2009 ofisi yetu ilikuwa Mikocheni nami nilikaa Mbagala. Nilitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, nikapanda daladala hadi Posta, nikanunua magazeti yote ya siku hiyo, kisha nikapanda jingine la kwenda Mwenge nikiwa nimeyapakata. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kila habari iliyomtaja mteja wetu, kuikata kwa mkasi, kuibandika kwenye karatasi nyeupe na kuandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Kisha nilichukua rula. Nilipima kimo cha habari kwa sentimita, nikazidisha kwa idadi ya safu, halafu nikazidisha kwa bei ambayo gazeti hilo lingetoza kwa tangazo la ukubwa uleule. Jibu lake nalo nilizidisha mara tatu, kwa hoja kwamba msomaji huamini habari kuliko tangazo. Fedha iliyopatikana hapo tuliiita thamani ya kazi yetu, na ndiyo iliyokaa ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mwezi.

Mwezi mmoja gazeti liliandika kwamba kiwanda cha mteja wetu kilikuwa kikimwaga maji machafu kwenye mfereji unaopita katikati ya nyumba za watu. Habari ilikuwa ukurasa wa tatu, ikiwa na picha ya mama mmoja ameshika ndoo huku mfereji ukionekana nyuma yake. Kimo sentimita 18, safu nne. Nilimuuliza msimamizi wangu kama niiache. Akasema jina la mteja limetajwa, kwa hiyo ihesabiwe. Nikaandika sentimita 72, nikazidisha kama nilivyofundishwa, na mwezi ule thamani yetu ikapanda kuliko mwezi wowote tangu nianze kazi.

Tulipeleka ripoti kiwandani, kandokando ya Barabara ya Nyerere. Mezani alikuwapo mhasibu wao, mzee mtaratibu ambaye hakusikiliza sana maelezo ya bosi wangu bali alifunua karatasi moja moja hadi akafika kwenye ile picha. Akaigeuza upande wangu.

“Binti, hii inayosema tumewamwagia majirani uchafu, nayo mmeihesabu kuwa faida?”

Bosi wangu alianza kueleza umuhimu wa jina kuonekana. Mzee akamwinulia kiganja, akasema anamuuliza aliyepima.

“Ndiyo, mzee wangu, nimeihesabu.”

“Basi itoe.”

Nikaitoa palepale, kwa kikokotoo chake, watu wote wakinitazama. Nilipomaliza akauliza tena, “Na huyu mama, kuna aliyekwenda kuzungumza naye?” Hapakuwa na hata mmoja, si wa kiwandani wala wa kwetu. Tulikuwa tumeipima picha yake bila kumtafuta mwenyewe.

Kesho yake nilitumwa mimi pamoja na fundi wa kiwanda. Yule mama alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, akatuonyesha alama ya maji ukutani mwa jiko lake, juu kidogo ya goti langu. Taarifa tuliyoiandika baada ya hapo haikuwa na neno “changamoto”: ilikiri kosa, ikataja siku ambayo bomba lingeanza kutengenezwa, na kazi ikaanza siku hiyo. Gazeti liliitoa kwenye safu moja, sentimita sita. Nimeandika mamia ya taarifa tangu wakati huo na sijaandika iliyo bora kuliko ile.

Mwaka uliofuata, 2010, wataalamu wa kupima mawasiliano walikutana Barcelona wakakubaliana kanuni saba, mojawapo ikisema waziwazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Nilipoisoma nilimkumbuka mhasibu wetu. Hata hivyo nilipimishwa kwa rula kwa muda mrefu baada ya hapo, na siku hizi vijana huhesabu waliotazama na waliobofya kwenye mitandao bila kuuliza walitazama kwa hasira au kwa furaha.

Hiyo ndiyo sababu nilitaka kumkataza binti yetu. Lakini sasa ninaona jambo ambalo sikuliwaza nilipoanza kuandika. Kama ningeanzia ndani ya taasisi, ripoti yangu ingesomwa na mkuu wangu mwenyewe, ambaye angefurahia namba zikipanda, na yamkini nisingeulizwa chochote. Katika wakala kuna mtu wa nje anayelipa kila mwezi, na akiwa makini hutaka kujua amenunua nini. Nilifundishwa kazi yangu na mteja, na nilimpata kwa sababu nilikuwa katika wakala.

Kwa hiyo nitamwambia akubali, ingawa kwa masharti. Akae miaka miwili au mitatu, si saba kama mimi. Siku ya kwanza aombe kuonyeshwa ripoti ya mwezi uliopita aone wanapima nini. Akipewa bahasha za fedha, zinazoitwa “nauli”, awagawie waandishi wa habari, akatae mapema, maana ukishazigawa mara moja utakuwa mgawaji wa kudumu. Na aisome barua yake tena kabla ya kutia saini: ikiwa miezi ya majaribio haina malipo hata ya daladala, basi nimebadili jibu, nami nitampigia leo jioni kumwambia asiende.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam