Usimgeuze steringi wa mieleka kuwa adui kabla hujajua nani atamwangusha

Juzi kijana mmoja wa Jinja aliniandikia: "Kaka, nimemgeuza bingwa wangu kuwa adui, sasa mashabiki wamepoa, nifanyeje?" Anazungumzia gemu ya mieleka. Niliusoma ujumbe ule mara mbili na roho ikaniuma. Kosa hilo nililifanya mimi, na usiku wa miezi minne ukapotea.

Ninyi mnaocheza Total Extreme Wrestling, ile gemu ya Adam Ryland ya kuendesha kampuni ya mieleka na kuitungia visa, hamna haja ya kuelezwa. Hakuna ngumi ya kutazama pale, ni maandishi na namba. Lakini ukikaa mbele yake saa mbili, unawasikia watu ukumbini.

Mwanamieleka wangu nilimtunga mwenyewe, nikamwita Simba wa Busia. Nilimtoa kwenye vikumbi vya watu mia mbili hadi akawa bingwa, na pacha wake wa ulingoni, mwenzake wa mechi za wawili kwa wawili, akiwa kando yake muda wote. Usiku mmoja umeme uliporudi saa nne, nikaandika kisa: kwenye onyesho kubwa la mwaka, Simba atamgeukia pacha wake na kumvunjia kiti mgongoni.

Wazo lile lilitoka utotoni. Tarehe 7 Julai 1996, kule Daytona Beach, Marekani, mwanamieleka Hulk Hogan aliyependwa miaka na miaka aliingia ulingoni kama anakuja kuokoa, kisha akaungana na maadui, Scott Hall na Kevin Nash. Mimi niliiona baadaye sana, kwa kanda, kwenye kibanda cha video hapa Busia, VJ, yule mfasiri wa kanda, akipaza sauti kwa Kiganda juu ya kelele zote. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia akaitupa chini. Nilitaka kumfanya mtu atupe kofia.

Onyesho langu lilipata 81 kati ya 100. Sikulala. Asubuhi nilimpigia rafiki yangu ninayecheza naye, akaniuliza swali moja tu: "Sasa nani atampiga?" Nikamwambia ana wivu.

Wiki ya tatu, pacha aliyesalitiwa akaumia goti, nje miezi mitano. Joto la kisa, yaani hamu ya mashabiki, likaanza kushuka. Nikamletea Simba wapinzani dhaifu, watu wakachoka. Nikapaniki, nikamrudisha kuwa mtu mwema, na hapo ndipo nilipomzika kabisa: aliyegeuka mara mbili ndani ya mwaka nani atamwamini? Rafiki yangu alilisimulia jambo lile mbele za watu, wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, kinanichoma.

Nilirudi kuitazama historia kwa jicho jingine. Baada ya Hogan kugeuka, WCW, kampuni yake ya mieleka, walikuwa na Sting, mtu mwema wa kumwangusha. Wakamtoa ulingoni zaidi ya mwaka, wakamweka juu darini, uso umepakwa rangi, kimya. Watu walisubiri siku yake tu. Ikafika, kwenye onyesho lao kubwa la Starrcade, 28 Desemba 1997, na wakaiharibu: kisa kilidai mwamuzi ahesabu tatu haraka kwa hila Hogan akimbana Sting chini, ili Sting aonekane ameibiwa, lakini hesabu ikatoka ya kawaida. Mwaka na nusu wa usaliti, na mlango wa kutokea ukawakwama. Kwa hiyo ndugu yangu, hatari haikuwa kumgeuza Hogan. Kile kiliwapa uhai.

Hapa ndipo nataka tusikilizane. Kisa cha hatari ni deni. Unakopa imani ya mashabiki, na lazima ujue siku ya kulipa na nani atalipa. Andika mwisho kwanza. Mchague atakayemwangusha adui, kisha mchague wa pili, maana goti halina ratiba. Na visa vya damu au mambo ya chumbani, angalia kwanza kampuni yako inauza nini. Wadhamini wakikasirika, hadithi tamu haitalipa mishahara.

Niliwahi kwenda Mukono kuwatazama vijana wa Soft Ground Wrestling, wale wanaopigana kwenye tope, ulingo wa nguzo za mianzi. Hawana taa za gharama. Lakini adui akiingia, kila mtoto pale uwanjani anajua anamsubiri nani aje amtupe topeni. Vijana wengi mnaonunua gemu hii mnataka mshangao, mshangao, mshangao, na mnamsahau mtu wa kusubiriwa. Acheni pupa.

Mwaka huu nilianza upya. Niliandika pambano la mwisho kabla ya usaliti wenyewe, nikamficha kijana mmoja chini ya orodha akishinda polepole, miezi tisa ya gemu. Pacha aliumia tena, safari hii bega. Sikutetemeka. Jumamosi iliyopita yule kijana alimwangusha adui wangu, onyesho likapata 88, na rafiki yangu yule yule akanitumia neno moja: "Umeweza." Nimelihifadhi.

Wewe wa Jinja, usimrudishe bingwa wako kuwa mwema. Mwache aoze vizuri. Fungua orodha yako, tafuta aliyeonewa naye zamani kabla hajageuka, hata kama ni mechi ndogo ya ufunguzi. Huyo mpe ushindi wiki hii, mwingine wiki ijayo, wala asimtaje bingwa kabisa hadi mwezi wa tatu. Kisha niandikie jina lake.