Maswali ya Wasomaji: Utepe wa kijani, mtoto mfupi

Mimi ni mhudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) hapa Bwaise, Kampala. Juzi nilimpima mtoto wa miaka miwili mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi, nikapata sentimita 12.2. Mwenzangu alipompima kesho yake akapata 12.7. Ni nani aliyekosea?

Huenda nyote wawili, na tofauti hiyo si ndogo: 12.2 ni njano, 12.7 ni kijani. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni wa wastani (njano), na kuanzia 12.5 ni kijani.

Kosa la kwanza ni kukisia katikati ya mkono kwa macho. Mvue mtoto sweta, kunja kiwiko cha mkono wa kushoto kiwe pembe mraba, kisha pima kutoka ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kiwiko. Ukipata sentimita 16, weka alama kwenye 8. Sasa unyooshe mkono, uning'inie umelegea. Wengi husahau hatua hii, na mkono uliokunjwa au uliokazwa hutuna msuli na kuongeza milimita. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuibonyeza: ngozi ikikunjamana umekaza mno, ukiona mwanya umelegeza. Soma hadi milimita na uandike namba, usiandike rangi peke yake. Anayeandika "njano" hawezi kujua mwezi ujao kama mtoto anapanda au anashuka. Na utepe uliovutika au kufifia, ulinganishe na rula, usipolingana utupwe.

Usiondoke kabla ya kubonyeza miguu. Bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya nyayo, kwa sekunde 3, kisha achia. Shimo likibaki miguu yote miwili na hakuna sababu nyingine ya uvimbe, huo ni unyafuzi (utapiamlo mkali wa kuvimba), hata utepe ukisoma kijani. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa pia hataki kula, anatapika kila kitu au amelegea, anahitaji kulazwa. Kwa Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilichoko hospitali ya Mulago ndicho kinachojulikana kwa kazi hiyo.

Binti yangu ana miaka mitatu. Walipompima mkono wakasema kijani, yuko salama. Lakini ni mfupi kuliko watoto wote wa majirani hapa Namuwongo. Niridhike?

Hapana, mama, usiridhike bado. Utepe unaonyesha kama mtoto amekonda sasa. Haujui lolote kuhusu kimo chake. Mtoto anaweza kuwa na mkono mzuri ilhali amedumaa kwa miezi mingi ya uji mwepesi, kuhara kwa mara kwa mara na maradhi yasiyoisha. Kwenye mitaa iliyosongamana, yenye mitaro ya maji machafu na vyoo vya wengi, watoto wa namna hiyo huwa wengi kuliko waliokonda, na ndio hao tunaowapita kwa sababu rangi ilikuwa kijani.

Omba apimwe urefu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, msichana wa miezi 36 kamili akiwa chini ya sentimita 87.4 amedumaa, mvulana, chini ya 88.7. Asimame bila viatu, visigino, makalio na kichogo vikigusa ubao wa kupimia, na nywele za kusuka zisiinue kipande cha ubao kinachoshushwa kichwani. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala chali ubaoni, na wanahitajika watu wawili: mmoja ashike kichwa, mwingine magoti.

Nenda na kadi ya kliniki, kwa sababu umri wa kukisia huharibu jibu lote. Msichana wa sentimita 85 akiwa na miezi 30 hajadumaa, maana mpaka wa umri huo ni 83.6, akiwa na miezi 36, amedumaa. Kadi ikipotea, tafuteni mwezi wa kuzaliwa kwa kumbukumbu za Idi, Krismasi, uchaguzi au msimu wa mvua. "Ana kama mitatu" haitoshi.

Kikundi chetu kinataka kupima watoto wote wa zoni moja Katwe, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi. Mpango unafaa?

Saa hizo mtakuta wale tu ambao mama zao hawakwenda sokoni au kazini. Watoto wa wanaofanya vibarua wako kwa jirani anayelea wengi, au wamebebwa hadi kwenye kibanda cha biashara, na hali yao yaweza kuwa tofauti kabisa. Rudini jioni na Jumapili, angalau mara mbili, kabla ya kuandika "hayupo". Msitegemee orodha ya LC1 (baraza la kijiji) pekee, maana wapangaji wa mizigo (vyumba kimoja kimoja vya kukodi) huhama kila mara. Hesabuni mlango kwa mlango.

Msitumie wastani wa jiji kupima zoni yenu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka mitano Uganda wamedumaa, lakini wastani wa Kampala huchanganya Kololo ya matajiri na Katwe. Wala msilinganishe matokeo ya utepe na ya uzito kwa urefu: vipimo hivyo viwili mara nyingi havishiki watoto walewale, na utepe huwashika zaidi walio wadogo. Aliyeshikwa na kimojawapo apewe rufaa.