Fensi kutoka Namanga mpaka Sirari? Nimekaa pale miaka tisa, ngoja nikwambie

Mkuu umeuliza kwanini serikali isipige fensi mpaka wote wa Tanzania na Kenya na kuweka askari wa kutosha ili magendo na wahamiaji haramu viishe kabisa. Mimi nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Namanga kuanzia 2012 hadi 2021, vumbi la pale nimelila vya kutosha, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza huo mpaka una zaidi ya kilomita 750. Unatoka Ziwa Victoria, unakata juu ya Serengeti na Loliondo, unapita Ziwa Natron, unapinda pale Kilimanjaro ndo unashuka mpaka baharini. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari huo 1886 na hawakumuuliza Mmasai hata mmoja, ndo maana mpaka leo mtu analala huku na malisho yake ya kiangazi yapo kule. Alafu wale nyumbu wa Serengeti wanaovuka kwenda Masai Mara upande wa Kenya kila mwaka utawagongea muhuri wapi? Kenya wenyewe walianza fensi kwenye mpaka wa Somalia kule Mandera mwaka 2015, iliishia kilomita chache tu.

Sasa magendo yanatoka wapi. Zamani kabla ya kituo cha pamoja cha nchi zote mbili pale mpakani kila kitu kilikuwa mara mbili, unamaliza upande wetu, unavuka, unaanza upya foleni upande wa pili. Nakumbuka lori la vitunguu vya Mang'ola lilikuwa linaenda Nairobi, kule Kenya wakakuta namba ya trela kwenye karatasi imekosewa tarakimu moja, MOJA tu, basi karatasi zirudi kwetu zikarekebishwe, aliyesaini kashatoka na kesho yake ni Jumapili. Siku ya tatu maji ya kahawia yalikuwa yanadondoka chini ya lori tone kwa tone, nyavu zimelowa, harufu mpaka mama wa chapati akahamisha meza yake, na tajiri anapiga simu kila nusu saa ananitukana kama mimi ndo nimeozesha. Mwaka uliofuata hakuja tena na karatasi. Vitunguu vyake nilikuwa naviona vinavuka usiku kwa bodaboda, gunia mbili mbili. Yani mtu alikuwa analipa kodi, tukamfundisha wenyewe njia ya panya!

Kituo cha pamoja (sisi tunaita OSBP) kilizinduliwa na Magufuli na Uhuru Kenyatta Desemba 2018. Kinavyofanya kazi ni hivi, ukitoka Kenya hausimami kwao kabisa, unakuja moja kwa moja jengo la upande wa Tanzania, humo ndani unamkuta ofisa wa Kenya anakugongea kutoka, dirisha linalofuata Mtanzania anakugongea kuingia. Ukitoka huku kwenda kule ni hivyohivyo, unamalizia kwao. Ipo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayompa ofisa wa Kenya mamlaka ya kufanya kazi yake kwenye ardhi yetu ndani ya eneo hilo, na wa kwetu kwao. Watu wanadhani faida yake ni kupunguza foleni tu. Mimi niliona kingine, hawa maofisa walianza kunywa chai meza moja. Lori likitiliwa shaka, wa huku anamwita mwenzie dirisha la pili wanaenda kulikagua pamoja, zamani ilikuwa barua kwa barua na lori lishafika Arusha.

Ila tusidanganyane, majengo hayazuii ugomvi. Mwaka 2017, kabla ya uzinduzi, sisi Tanzania tulipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,000 waliovuka kutoka Kenya, na vifaranga 6,400 vikachomwa moto palepale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 kituo tayari kipo, Kenya wakazuia mahindi yetu ghafla kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka), malori yakajipanga. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti. Mifugo na chakula ukivisimamia kwa amri ya siku moja, wanaoumia ni hawahawa wa mpakani.

Na hapa ndo nilipotaka kufika. Kulikuwa na mama mmoja anapika ugali karibu na stendi, na pembeni anavusha maharage debe mbili tatu kwenda kuuza kule. Siku moja kanivuta pembeni, "mwanangu, kuna vijana sita wamekula kwangu, hawajui hata neno maji, na yule wa pikipiki ndo kalipia wote." Walikuwa Wahabeshi wanapelekwa kusini. Kamera haioni kitu kama hicho, yeye aliona kwa sababu ya nani katoa hela. Nikamwambia mama nenda ofisini ukaseme, akacheka, kumbe wiki mbili nyuma kuna askari alimchukulia maharage yake kichakani na hajawahi kuyaona tena. Taarifa nikaipeleka mimi, vijana wakapatikana jioni ileile.

Kwahiyo mkuu hela ya fensi mimi ningeiweka kwa yule mama. Kwa sheria za Jumuiya mzigo wa mazao yetu usiozidi dola 2,000 unapata cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) palepale mpakani na ushuru wa forodha hulipi, bado kibali cha afya ya mimea lakini. Yeye alikuwa hajui, amevusha kichakani miaka yote kitu ambacho hakidaiwi ushuru! Nilimjazia fomu ya kwanza mwenyewe. Mwezi uliopita nimempigia, anasema siku hizi anapita getini kama bosi, ila siku mtandao wa ofisi ukikatika na maharage yapo kichwani, anarudi kulekule kichakani.