Homa inayorudi: damu ichukuliwe siku gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 6. Mara baada ya wiki tatu, mara miezi miwili, hushikwa na homa kali na tumbo kwa siku mbili, kisha huinuka akenda skuli kama hakuumwa. Malaria kila akipimwa hana. Nimeambiwa huenda ni maradhi ya kurithi, kinga ya mwili kujiwasha bila ya kidudu, lakini CRP, kipimo cha damu cha kuonyesha kama mwili unawaka, imetoka safi. Ndiyo hana? – Mama, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Damu hiyo ilichukuliwa siku gani? Kama alikuwa mzima, bado hujajibiwa. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwaka. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, hufika juu kabisa kama siku ya pili, na mwili ukitulia hupungua nusu kila saa 19 hivi. Ukingojea kliniki ya wiki ijayo utaikuta imeshashuka.

Mpeleke siku ya pili ya homa, apimwe CRP, picha nzima ya damu, mkojo na malaria kwa pamoja. Mrejeshe akiwa mzima, wiki mbili baadaye, arudie CRP. Zinazosomwa ni namba hizo mbili kwa pamoja. Hata hivyo bakteria nao huipandisha, kwa hiyo CRP peke yake haitaji ugonjwa. ESR, kipimo kingine cha mwili kuwaka kinachotazama kasi ya chembe za damu kutuama, tusingeitegemea: upungufu wa damu huipandisha, selimundu huishusha. Na selimundu yenyewe ipimwe mapema, maana nayo huleta homa na maumivu ya tumbo.

Kipimo kikali zaidi ni cha protini ya amiloidi A, nayo hupanda mwili ukiwaka kama CRP, ingawa si kila maabara inacho. Ikibaki juu hata mtoto akiwa mzima, taka zake hujikusanya kwenye figo. Ndiyo maana mkojo huangaliwa protini mara kwa mara.

Kwa homa ya ukoo ya Mediterania, mojawapo ya maradhi hayo ya kurithi, inayowapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu, hupimwa jeni (chembe ya urithi) iitwayo MEFV: mililita 2 au 3 za damu kwenye kichupa cha EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau. Mwambie daktari kama wewe na baba yake ni watoto wa ami, maana kwa kawaida mtoto huhitaji kurithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Majibu safi ya jeni hayaufuti ugonjwa ikiwa dalili zinalingana. Daktari anaweza kumjaribishia kolchisini, dawa ya kuzuia homa hiyo. Usiinunue mwenyewe: ikikutana na klarithromaisini, dawa ya vidudu, inaweza kuua.