Bima wanataka usaini leo? Maswali yenu kuhusu fidia ya majeruhi

Safari hii barua nyingi zinatoka kwa watu walioumia barabarani hapa Tanzania. Nimechagua chache, na nimefupisha maswali.

Nilikuwa abiria wa daladala iliyogongana na lori. Mguu umewekwa vyuma. Kampuni ya bima inanipa milioni moja na nusu, ila wanataka nisaini leo leo. Nisaini? (Dada wa Mbagala)

Usisaini, dada. Karatasi hiyo, wenyewe wanaiita dischaji vocha, kwa kawaida inasema kwamba umepokea malipo ya mwisho na hutadai tena. Mwakani vyuma vikihitaji kutolewa, gharama ni yako.

Anza kwa daktari aliyekufanyia upasuaji. Mwulize: mguu utarudi hali yake? Vyuma vitatolewa lini, na kwa kiasi gani? Je, kuna ulemavu wa kudumu, na ni asilimia ngapi? Akuandikie ripoti. Bila ripoti hiyo hata wewe hujui unadai nini, na mtu wa bima anajua kwamba hujui.

Fidia ina mafungu mawili. Kuna hasara mahususi: dawa, upasuaji, bajaji za kwenda kliniki, mshahara uliokatika. Hizi mahakama zetu hazibahatishi. Lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe, kwa hiyo tunza kila risiti. Fungu la pili ni fidia ya jumla, yaani maumivu, ulemavu, maisha yaliyobadilika. Hili halina risiti, linapimwa kwa busara ya hakimu, na ndilo linalosahaulika mezani. Nashuku milioni moja na nusu yako ni jumla ya risiti tu. Waombe mchanganuo kwa maandishi, kisha ujibu kwa barua ukitaja kiasi chako na sababu zake.

Kama hela ya matibabu imekwisha kabisa, omba malipo ya sehemu, na usome unachosaini: neno "mwisho" lisiwemo. Na hiyo ya "leo leo" isikutishe, haki yako haiozi jioni.

Nilipelekwa hospitali nikiwa sijitambui, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, haikuchukuliwa. Nimeshapoteza? (Kijana, Mwanza)

Hapana. Nenda kituo kilichoshughulikia ajali, ueleze tarehe na mahali, na uombe PF3. Daktari ataijaza kwa kumbukumbu za siku uliyolazwa. Usikawie tu, maana askari huhamishwa na mafaili hupotea.

Dereva aliyenigonga alikiri mahakamani, akalipa faini. Hiyo si ndiyo kesi imeisha? (Mzee wa Dodoma)

Shikamoo mzee. Iliyoisha ni ya Jamhuri. Faini imeingia serikalini, wewe hujapata kitu. Ya kwako ni kesi ya madai, na hukumu ile ni silaha nzuri: kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani ni uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo. Omba mahakamani nakala iliyothibitishwa.

Angalia muda. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, na mazungumzo na bima hayausimamishi. Nimeona watu wakiambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka mwaka wa tatu ukapita. Ukienda mahakamani, kawaida anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari, kisha bima ndiyo inayobeba hukumu. Ijulishe kampuni kwa maandishi kabla hujafungua kesi, isije ikasema haikuwa na habari.

Mimi ni mama lishe, sina hati ya mshahara. Nimekaa ndani miezi mitano baada ya kugongwa na bodaboda. Bima wanasema kipato changu hakipo. (Mama Morogoro)

Kipato kipo, kinachokosekana ni karatasi, nazo zinatafutika. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi kabla ya ajali, uione ilivyokatika baada yake. Ongeza leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, stakabadhi za ushuru wa soko, daftari la mchele na mkaa, na maelezo ya maandishi ya anayekuuzia maharage. Toa gharama zako kwanza, udai faida. Ukidai mauzo yote watakushika hapo hapo na kutilia shaka mengine yote. Kama ulimlipa binti akusaidie kuchota maji na kufua, andika na hiyo.

Bima ya pikipiki yenyewe ihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba yake ya usajili, kwa sababu stika bandia za vishoka zipo. Ikiwa haina bima, dai linabaki kwa dereva na mwenye pikipiki.

Nilipanda boda bila kofia ngumu. Nadai nini sasa? (Mwanafunzi, Arusha)

Dai. Unaweza kupunguziwa fidia kwa uzembe wa kuchangia, yaani na wewe ulichangia kuumia kwako, hasa ukiwa umeumia kichwa. Ukivunjika mguu, kofia inahusu nini? Waulize hivyo hivyo.

Nina bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Nilimpa jirani lifti, tukapinduka, ameumia. Nimwambie nimekosa, bima itamlipa? (Kaka wa Kibaha)

Taratibu kaka. Mpe pole, mpeleke hospitali, toa taarifa polisi na kwa bima yako mara moja. Kukiri kosa au kuahidi malipo bila kibali chao ni jambo ambalo mikataba mingi inakataza, na linaweza kukugharimu. Halafu soma mkataba: ulazima wa kisheria unamgusa abiria anayelipa nauli, si lazima jirani uliyempa lifti ya bure. Kama hatajwi, atakudai wewe mwenyewe.

Nimewasilisha kila kitu, kampuni imenyamaza miezi. (Wengi wenu)

Andika barua ya malalamiko kwa kampuni, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Wasipojibu, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye huduma yake haina malipo. Nenda na barua hiyo yenye muhuri, PF3, ripoti ya daktari, risiti zako, na majina ya kila ofisa uliyeongea naye pamoja na tarehe.