Usisumbukie rangi, sumbukia fomu ya fedha

Msomaji wa Moshi, yuko kidato cha sita, ameuliza: baada ya ile hukumu ya Marekani, mweusi kutoka Kilimanjaro ana nafasi tena ya kuingia chuo cha kule? Hukumu ya Mahakama ya Juu ya kule, ya Juni 29, 2023, iliyohusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilikataza kumpendelea mwombaji kwa rangi yake. Kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yako bado ruksa. Ila wewe si raia wa kule. Utahesabiwa mgeni tu, sawa na Mhindi wa Arusha mjini. Kitakachokubana ni pesa.

Vyuo vingi vya kule hutazama mfuko wa mgeni kabla ya kumpokea. Mkilingana alama, wa Njiro, mtaa wa wenye nazo Arusha, anayelipiwa ada yote anapita, wa kihambani, yaani shamba la ukoo la mlimani, anabaki. Si haki, na hawafichi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawatazami mfuko, hata wa mgeni. Omba viwili au vitatu kati ya hivyo, si vyote, maana kupenya humo ni shughuli.

Fomu ya fedha, ya kuombea msaada wa ada, inaitwa CSS Profile: dola 25 chuo cha kwanza, 16 kila kinachofuata. Kiandikie chuo mapema kuomba usamehewe malipo hayo. Vingine vina fomu ya bure.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mzee hana mshahara, basi mnaandika kipato sifuri. Anayesoma fomu kule chuoni anajiuliza watu saba wa nyumba hiyo wanakula nini, anarudisha maswali, na tarehe inapita. Kusanya stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika mnakouzia kahawa, za msimu mzima, zidisha kilo za kahawa kwa bei mliyolipwa, kisha toa gharama za mrututu, dawa ya kahawa, na za vibarua. Ongeza mikungu ya ndizi anayouza mama, maziwa kwa lita, na pesa anazotuma mjomba wa Dar. Andika kwa shilingi. Usijibadilishie mwenyewe kuwa dola. Kihamba kitaje, na kwenye nafasi ya maelezo useme ni cha ukoo, hakiuzwi. Ukikificha kikaja kuonekana kwenye insha yako, umejimaliza. Ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, pamoja na tafsiri yake.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo utatumia ya kidato cha nne na ya mitihani ya shule. Yaombe Novemba. Shule ikifungwa Desemba, mwalimu wa taaluma yuko kwao Rombo na muhuri umefungiwa kabatini.