Kwa wanaoanza utafiti wa utengenezaji wa damu Mtwara: hesabu huharibika kabla ya hadubini

Anayeanza utafiti wa namna mwili unavyotengeneza damu huja na hamu ya seli shina, chanzo cha seli zote za damu, halafu miezi yake ya mwanzo inaishia kwenye tyubu zenye kifuniko cha zambarau. Ndivyo inavyotakiwa. Uboho wa mtu mzima hutoa takriban seli nyekundu milioni 2 kila sekunde, lakini kazi hiyo huioni kwa macho. Unachopata ni hesabu. Na hesabu mbovu, kwa hapa kusini, mara nyingi imeharibika kabla slaidi haijawekwa chini ya hadubini.

Anza na joto. Mwongozo ukiandika "joto la chumba" unamaanisha nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Mtwara mwezi Januari kinapita 30. Retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa zilizotoka kwenye uboho hivi karibuni, huendelea kukomaa ndani ya tyubu, kwa hiyo hupungua kadiri damu inavyokaa. Sampuli iliyochukuliwa Newala asubuhi ikashinda juu ya dashibodi ya gari itakuonyesha uboho uliolala kumbe uko kazini. Pima ndani ya saa 6, au iweke kwenye nyuzi 4 usipitishe saa 24. Njiani tumia boksi la baridi lenye kipimajoto, na tyubu zifungwe kwa kitambaa zisigusane na barafu. Seli zilizoganda kwa barafu hupasuka. Plazima (maji ya damu) ikishakuwa nyekundu, usihangaike kuiokoa, omba nyingine.

Tyubu ijazwe hadi alama. Damu kidogo kwenye EDTA nyingi (kizuia damu kuganda kilichomo kwenye tyubu) hufanya seli zisinyae. Pindua tyubu taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise.

Kabla ya sindano kuna maswali ambayo fomu nyingi huyasahau. Je, ameongezewa damu ndani ya miezi 3? Anatumia haidroksiyurea kwa ajili ya selimundu? Anatumia zidovudini, dawa ya VVU? Kila moja kati ya hayo hubadili hesabu ya retikulosaiti. Kipimo cha malaria kifanyike kwa kila mshiriki, hata asiye na homa, kwa sababu malaria huuzuia uboho kuitikia upungufu wa damu ipasavyo. Mtafiti anayelinganisha watoto wenye selimundu na wasio nayo bila kupima malaria analinganisha vitu asivyovijua.

Sasa retikulosaiti zenyewe, maana hapa ndipo mgeni hukosea zaidi. Changanya damu na rangi ya methilini bluu mpya kwa kiasi sawa, kwa mfano matone 3 kwa 3, kisha weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 20. Changanya tena kwa upole kabla ya kupaka slaidi, kwa sababu retikulosaiti ni nyepesi kuliko seli zilizokomaa na huwa zimepanda juu. Ukichota bila kuchanganya, umechota jibu unalolitaka. Rangi ichujwe siku hiyo hiyo ya kazi. Isiyochujwa huacha chembe za bluu juu ya seli, na macho mapya huzihesabu kama retikulosaiti. Dalili yake ni kwamba chembe hizo hazikai kwenye kina kimoja na seli: ukizungusha skrubu ndogo ya hadubini, seli inafifia nazo zinang'aa.

Unyevu wa pwani nao una hila. Slaidi inayokauka polepole huacha mapovu madogo yanayometameta ndani ya seli. Paka nyembamba, kausha mara moja kwa feni, usisubiri. Kwa wagonjwa wa selimundu kuna mtego mwingine: wengu wao mara nyingi haufanyi kazi, hivyo seli hubaki na mabaki ya kiini, kidoto kimoja cha mviringo kilicho karibu na ukingo. Retikulosaiti ina wavu au chembe kadhaa zilizotawanyika. Ukibaki na shaka, paka slaidi ya pili kwa rangi ya Giemsa kisha linganisha. Bafa yake, yaani kimiminika kinachotunza pH, iwe ya pH 6.8 kwa sura ya seli, au 7.2 kwa vimelea vya malaria. Maji ya bomba au ya kisima hayafai kuchukua nafasi yake.

Kuhesabu seli nyekundu 1,000 ni desturi, ila ujue udhaifu wake. Ukipata 2%, umeona seli 20 tu, na kwa bahati peke yake jibu lingeweza kuwa chochote kati ya 1.1 na 2.9. Kwa hiyo mabadiliko ya kutoka 2.0 hadi 2.4 kati ya ziara mbili si matokeo ya kuandikia ripoti. Wahesabu wawili, kila mmoja slaidi yake, bila kuoneshana majibu.

Kisha sahihisha. Mgonjwa mwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) 25% na retikulosaiti 6% anaonekana uboho wake unakimbia. Zidisha 6 kwa 25, gawanya kwa 45, hematokriti ya kawaida: unapata 3.3. Katika upungufu huo seli hutoka uboho mapema na kuzunguka kwa siku kama 2 badala ya 1, basi gawanya tena kwa 2. Sasa ni 1.7, chini ya 2, maana yake uboho haumudu. Sita ile ya mwanzo ilikuwa inakudanganya. (Hiyo 45 ni ya mtu mzima, kwa mtoto tumia kiwango cha umri wake.)

Mtoto mwenye selimundu ambaye hemoglobini imeshuka ghafla na retikulosaiti ziko chini ya 1% si data, ni dharura. Kirusi cha parvo B19 hushambulia seli mama za seli nyekundu, na mtoto ambaye seli zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120 hana akiba ya kusubiri. Mpigie daktari kwanza, fomu utajaza baadaye.

Damu ya kitovu ndiyo njia rahisi ya kupata seli shina za damu bila kutoboa mfupa, lakini chumba cha uzazi si chako. Kitovu kifungwe baada ya dakika 1 hadi 3 kama inavyopendekezwa kwa faida ya mtoto; utafiti usimharakishe mkunga, hata kama utapata damu kidogo. Ridhaa iombwe kwa mama wakati wa kliniki, siyo uchungu ukishamshika. Damu hii isiende kwenye friji: nyuzi 18 hadi 25, itenganishwe ndani ya saa 24.

Kutenganisha: damu na bafa nusu kwa nusu, mililita 30 zimiminwe taratibu juu ya mililita 15 za Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, yenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita. Zungusha kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 30 kwenye nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Breki ikikamata, tabaka linavurugika na kazi yote imekwisha. Mwongozo unaosema mizunguko tu bila g usiufuate: sentrifuji yenye nusu kipenyo cha sentimita 16 inahitaji kama mizunguko 1,500 kwa dakika, ya sentimita 10 inahitaji karibu 1,900. Ficoll iliyotoka kwenye friji moja kwa moja huchafua tabaka kwa seli nyekundu. Iliyopata joto kali hupoteza seli unazozitaka.

Katika seli ulizopata, zenye alama ya CD34, protini iliyo juu ya seli changa za damu, ni kama 1%, na kati ya hizo seli shina halisi ni chache mno. Usiandike "seli shina" ukimaanisha CD34. Hata makoloni (mafungu ya seli) yanayokuzwa kwa siku 14 kwenye jeli ya methiliselulosi hutoka kwa seli tangulizi, zilizokwisha kupita hatua ya seli shina. Tangu watafiti Till na McCulloch walipohesabu makoloni kwenye wengu za panya mwaka 1961 huko Toronto, uthibitisho wa seli shina umebaki ni kupandikiza na kusubiri damu irudi.

Ukuzaji huo wa siku 14 unataka nyuzi 37, kabonidioksidi 5% na kisahani cha maji kando ili jeli isikauke. Panda seli 10,000 kwa kisahani cha milimita 35, ukilenga makoloni 25 hadi 120. Kimiminika hicho ni kizito, pipeti huacha nusu ukutani. Tumia sirinji na sindano butu ya geji 16. Kama inkyubeta haina betri na jenereta nyuma yake, usianze. Badala yake gandisha seli kwa DMSO 10%, kemikali inayozikinga na barafu, zikishuka nyuzi 1 kwa dakika, zisafirishwe Dar es Salaam katika nitrojeni ya kimiminika. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Kilwa. Na ziara za kurudia usizipange Oktoba hadi Desemba, msimu wa korosho, ukitegemea akina mama wa Tandahimba waache mavuno waje kutolewa damu.